Meli Inayobeba Vitunguu

Tarehe 29 Machi 2009, katika Ghuba ya Aden, maharamia saba kwenye mashua ya mwendo wa kasi waliona meli ya mafuta ikijikokota, wakaikimbilia huku wakifyatua risasi. Walidhani wamepata mnyonge mwenye mali. Kumbe ilikuwa Spessart, meli ya ugavi ya jeshi la majini la Ujerumani, na kazi yake pale ilikuwa kuzipelekea mafuta manowari zilizokuwa zikiwasaka maharamia hao hao. Ndani mlikuwa na kikosi cha ulinzi, nacho kikajibu kwa risasi. Manowari za mataifa kadhaa zikaitwa, kukawa na kufukuzana, na mwisho wote saba wakakamatwa, wakaletwa Mombasa kushtakiwa.

Usicheke kwanza. Oktoba mwaka huo huo, usiku, maharamia wengine waliishambulia La Somme, meli ya ugavi ya Ufaransa, nao wakafukuzwa gizani hadi watano wakatiwa mbaroni. Januari 2012 ikawa zamu ya Patiño ya Uhispania, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ikiongoza kikosi cha Umoja wa Ulaya cha kupambana na uharamia. Safari hiyo mmoja wa maharamia alikufa.

Kosa la namna hii halikuanza na vijana wa Kisomali wala halikutokana na ujinga. Tarehe 7 Mei 1942, katika Bahari ya Matumbawe, marubani wa Japani waliripoti kwamba wameiona meli kubwa ya kubeba ndege za kivita ikiwa na manowari ya kuilinda. Ndege zikamiminika. Walichokuta ni Neosho, meli ya mafuta ya Marekani, pamoja na manowari ndogo iitwayo Sims. Sims ikazama, Neosho ikabaki gofu linaloelea. Wengine waliidhania meli ya ugavi kuwa ya biashara, wengine wakaidhania ngome ya vita. Hakuna aliyeiona kwa jinsi ilivyo.

Mimi nafanya kazi stoo, na labda ndiyo sababu visa hivi vinanigusa kuliko vinavyopaswa. Godauni letu liko Industrial Area, pembeni kidogo ya Lunga Lunga Road. Kazi yangu ni kupokea mzigo, kuhesabu, kupanga na kutoa. Watu wa mauzo hupigiwa makofi kila Desemba. Stoo hukumbukwa siku kitu kimekosekana. Silalamiki sana, kwa sababu mji huu wenyewe ulianza hivyo. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa mwishoni mwa Mei 1899, wahandisi waliona uwanda tambarare wenye maji ya mto, mahali pazuri pa kurundika vyuma, mbao na chakula kabla ya kuupanda mlima na kushuka Bonde la Ufa. Nairobi ilikuwa stoo kabla ya kuwa mji. Bunge, maghorofa na kelele za matatu vilikuja baadaye.

Aliyenitia ugonjwa wa meli ni jirani yangu wa South B, mzee mzaliwa wa Likoni aliyestaafu jeshi la majini, naye pia upande wa stoo. Nikimwamkia shikamoo ananiitikia marahaba kwa ile sauti ndefu ya pwani, kisha swali lake la kwanza huwa, "Haya mwanangu, leo mmepokea nini?" Watu wengine huulizana habari za nyumbani.

Tuanze na kilichomo ndani ya meli zenyewe. Chukua USNS Supply ya Marekani, iliyoingia kazini 1994. Urefu wake ni karibu mita 230. Inaweza kubeba mapipa 177,000 ya mafuta, tani 2,150 za risasi na makombora, tani 500 za vifaa na vyakula vikavu, na tani 250 za vitu vya kuhifadhiwa kwa baridi. Mwendo wake unafika karibu kilomita 46 kwa saa, jambo adimu kwa meli nzito hivyo, maana ilikusudiwa iandamane na meli kubwa za kubeba ndege bila kuachwa nyuma. Zilijengwa nne za aina hiyo. Mbili zimeshawekwa kando kwa sababu kuziendesha ni ghali. Hapo nilitabasamu kidogo, kwa sababu hata kwetu gharama zikipanda, kinachopunguzwa kwanza ni stoo.

Mtu atauliza, si meli za kubeba ndege za Marekani zinatumia nyuklia, mafuta ya nini? Nyuklia inasukuma meli. Ndege zilizo juu yake zinakunywa mafuta kama kawaida, tena kwa pupa. Na maelfu ya watu walio ndani hawali nyuklia. Wanataka mayai, unga, nyama, vitunguu. Mzee ananiambia kwamba baharini mpishi akikosa vitunguu, ghadhabu ya mabaharia ni mbaya kuliko dhoruba, na katika hili namwamini bila ushahidi.

Sasa, namna mzigo unavyohama kutoka meli moja hadi nyingine ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi. Hazisimami. Meli ikisimama katikati ya bahari, mawimbi huigeuza yanavyotaka, na wakati wa vita inakuwa shabaha ya kila nyambizi. Kwa hiyo hutembea sambamba. Meli ya ugavi hushika njia moja iliyonyooka na mwendo mmoja, tuseme kilomita 22 hadi 26 kwa saa, nayo inayopokea huja kwa nyuma, ikaipanda taratibu ubavuni mpaka zikawa zimeachana kwa mita 30, 40, au 50 hivi. Fikiria matatu mbili zikipaa bega kwa bega Thika Road, taniboi wa moja akimmiminia mwenzake uji kikombeni kupitia dirishani kuanzia Githurai hadi Roysambu, na hakuna dereva anayeruhusiwa kugusa breki. Ila matatu ina breki. Meli ya tani 40,000 haina.

Bunduki maalumu hufyatua uzi mwembamba kuvuka maji. Uzi huo huvuta kamba, kamba huvuta kamba nene zaidi, na hiyo nene huvuta waya wa chuma. Waya hukazwa na mashine inayoulegeza na kuuvuta kila meli zinapoyumba, ili usikatike wala usining'inie majini. Juu ya waya huo mpira mkubwa wa mafuta huteleza hadi upande wa pili, kichwa chake kinajifunga kwenye mdomo wa kupokelea, na mafuta yanaanza kutiririka. Kuna kamba nyingine yenye vibendera vya rangi iliyotandikwa kati ya meli hizo mbili. Hiyo si ya kuvuta kitu, ni ya kusoma umbali kwa macho. Anayeshika usukani anasahihisha nyuzi moja, nusu nyuzi, saa nzima au zaidi, jasho likimtoka hata kama kuna baridi. Maji yanayobanwa kati ya meli mbili hukimbia kwa kasi na msukumo wake hushuka, kwa hiyo meli huvutana. Ukizembea zinabusiana.

Kitu kikienda mrama, usukani ukikwama au adui akionekana, hutolewa amri ya kuachana kwa dharura. Mpira unafunguliwa, waya unaachiwa, kila mmoja anashika njia yake. Mazoezi ya kuachana hufanywa kwa bidii ile ile ya mazoezi ya kukutana. Wakati huo huo helikopta huwa zinapita juu na nyavu za mizigo, zikitua sanduku hapa na kurudi na paleti tupu ya mbao kutoka kule. Hili la kurudisha vitu vitupu watu wengi hawalifikirii. Mbao za kupangia mizigo, vifaa vilivyoharibika, barua, wagonjwa, vyote husafiri kinyume. Stoo inayotoa tu bila kupokea hujaa takataka upande mmoja na kuwa tupu upande mwingine. Huo ni ushauri wa bure.

Kuna ufundi mwingine usioonekana kwenye video, nao ni upangaji. Kitakachotakiwa kwanza lazima kiingie mwisho. Risasi haziwekwi jirani na chakula, na uzito lazima ugawanywe ili meli isilale ubavu kadiri inavyotoa mzigo. Tena kila meli itakayopokea ina orodha yake, na orodha zinabadilika njiani. Godauni langu halipigwi na mawimbi na bado kuna siku natafuta katoni moja hadi jua linatua.

Wengi wanaofanya kazi kwenye meli hizi si wanajeshi. Za Marekani na za Uingereza zinaendeshwa na mabaharia wa kiraia. Shirika la Waingereza, Royal Fleet Auxiliary, lilianzishwa 1905, na mwaka 2024 mabaharia wake waligoma kwa ajili ya mshahara. Nilipozisoma habari hizo nilimpelekea mzee, akasema kwa kifupi, "Wamechelewa."

Tatizo ambalo meli hizi zinalitatua ni la kale, na pwani yetu imelishuhudia mara nyingi. Vasco da Gama alipoondoka Lisbon 1497, mojawapo ya vyombo vyake vinne ilikuwa meli ya akiba, ya kubeba chakula na vifaa tu. Ilipofika Mossel Bay, kusini mwa Afrika, shehena yake ikagawanywa na yenyewe ikavunjwa. Hivyo Mreno aliyeingia Mombasa Aprili 1498 hakuwa na ghala tena nyuma yake, na nadhani hilo linaeleza kwa nini mapokezi ya Malindi, yenye chakula na rubani wa kumvusha hadi India, yalikuwa na uzito mkubwa namna ile kwake.

Enzi ya mvuke ilizidisha adha. Meli ya tanga ilihitaji upepo, na upepo haununuliwi. Ya mvuke ilihitaji makaa ya mawe, na makaa yana mwenyewe. Mwaka 1904 Urusi ilituma kundi la manowari kutoka Baltiki kwenda kupigana na Japani upande wa pili wa dunia, bila kituo hata kimoja chake njiani. Lililisha moto kwa makaa ya meli za kampuni ya Hamburg zilizolifuata bandari kwa bandari. Mapema 1905 lilikwama wiki nyingi Nossi-Bé, Madagaska, joto na uchafu wa makaa vikiwala watu, magunia yakiwa yamerundikwa hadi kwenye vyumba vya kulala. Mwezi Mei likafika Tsushima, mlango wa bahari karibu na Japani, likiwa limechoka, likaangamizwa kwa siku mbili. Mapinduzi yalikuja na mafuta, kwa sababu mafuta hupita kwenye mpira. Mwaka 1917 meli ya Marekani iitwayo Maumee ilianza kuzijaza manowari mafuta zikiwa mwendoni katikati ya Atlantiki. Mmoja wa maofisa wake alikuwa Chester Nimitz, yule aliyekuja kuongoza vita vya Pasifiki.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha hapa hapa kwetu.

Mwisho wa Julai 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliondoka Dar es Salaam kabla vita havijatangazwa, ili isije ikafungiwa bandarini. Ilikuwa ya haraka na yenye mizinga kumi, ila tumbo lake lilikuwa la makaa, na Waingereza walilijua hilo. Wakayanunua makaa yaliyokuwa yakipatikana upande wa Wareno huko kusini ili Mjerumani asiyapate. Agosti, Königsberg iliikamata meli ya biashara City of Winchester karibu na Omani, ikiwa na chai ya India. Ikafyonza makaa yake, kisha ikaizamisha. Meli ya ugavi, Somali, ikawa inakutana nayo mafichoni. Tarehe 20 Septemba ikatokea Zanzibar alfajiri na kuizamisha Pegasus, manowari ya Uingereza iliyokuwa imetia nanga ikifanyiwa matengenezo. Kisha ikatoweka.

Ilikuwa imeingia katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, mitambo yake ikiwa imeharibika. Vipande vya mtambo vilibebwa kwa miguu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, na waliovibeba ni wenyeji, mamia kwa mamia, ambao vitabu vingi vinawapitia kwa nusu sentensi. Wakati huo Waingereza wanaitafuta bahari nzima.

Na unajua ilivyogunduliwa? Kwa makaratasi ya stoo. Mwezi Oktoba manowari ya Kiingereza Chatham iliikuta meli ya Kijerumani, Präsident, huko Lindi. Waliopanda kuikagua walipata hati zinazoonyesha kwamba mwezi uliotangulia ilikuwa imeipelekea Königsberg makaa huko Rufiji. Kwa lugha ya kwetu Industrial Area, walipata karatasi ya delivari. Mtu anatoa mzigo, anaandika umekwenda wapi, anaweka faili vizuri kama alivyofundishwa, na ndani ya siku chache manowari za adui ziko mlangoni. Ningekuwa mimi ningeandika pia. Mkono unazoea.

Novemba Waingereza wakaipiga Somali, ikaungua. Hapo hukumu ilikuwa imetoka. Königsberg ingali na mizinga yote kumi, watu wake wapo, lakini stoo yake imekuwa majivu. Ujerumani ikajaribu mara moja tena. Meli iitwayo Rubens ikapakwa sura ya meli ya Denmark, ikapewa jina la Kronborg, ikazunguka Afrika ikiwa na makaa kwa ajili ya Königsberg na silaha kwa ajili ya jeshi la nchi kavu. Aprili 1915 ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Hyacinth ya Waingereza ikiwa mgongoni mwake. Nahodha akaijaza maji na kuiwasha moto juu. Waingereza walipoona moshi wakaridhika, wakaondoka. Wajerumani wakarudi kuopoa bunduki na risasi kwa maelfu, na jeshi la nchi kavu likazitumia kwa muda mrefu. Makaa hayakuifikia Königsberg. Julai 1915 ikamalizwa pale pale matopeni, mizinga yake ikang'olewa na kupelekwa kupigana nchi kavu. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utaukuta mmoja wake, na wa Pegasus pia upo. Watoto wa shule hupiga picha wameukalia. Somali haina chochote cha kukalia.

Nairobi imetenda haki kidogo katika hili. Kwenye zile sanamu za shaba za Kenyatta Avenue, zilizosimamishwa miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika wa vita hivyo, mmoja wa wale watatu ni mpagazi, na maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, wakiwa wamebeba chakula cha wengine.

Vita vya pili nitavipita haraka, ingawa Kilindini peke yake ingestahili makala nzima. Aprili 1942 Wajapani waliposhambulia Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, Waingereza walikimbizia kundi lao la manowari Mombasa. Siku ya tarehe 9 walipoteza Hermes, meli ya kubeba ndege, ambayo kila kitabu kinaitaja. Siku hiyo hiyo, maji hayo hayo, ilizama Athelstane, meli ya mafuta ya kuwahudumia. Wajerumani nao walijenga nyambizi kumi za kupeleka mafuta na chakula kwa nyambizi nyingine, wakazipa jina la utani la ng'ombe wa maziwa. Waingereza na Wamarekani wakaamua kuwinda ng'ombe kabla ya simba. Zote kumi zilizamishwa.

Na leo? Wachina walipotuma kundi lao la kwanza la kulinda meli dhidi ya maharamia, Desemba 2008, zilikuja manowari mbili na meli moja ya ugavi, Weishanhu. Mwaka 2017 wakafungua kituo Djibouti, maana hata meli ya ugavi inahitaji mahali pa kujazwa. Septemba 2024 meli ya mafuta ya Marekani, Big Horn, iliharibika karibu na Omani, na ghafla taifa lenye jeshi kubwa la majini duniani likawa linahangaika nani ataijaza mafuta meli yake ya kubeba ndege.

Kenya haina meli ya namna hii. Jeshi letu la majini, lililoanzishwa Desemba 1964 na lenye makao Mtongwe, lina Galana na Tana, meli zilizonunuliwa Uhispania miaka ya 1990. Hizo hubeba askari na mizigo hadi ufukweni, kazi ya maana, ila si hii ya mpira na waya katikati ya bahari. Mzee anaona ni aibu. Hoja yake ni kwamba bahari yetu inakwenda maili 200 nje, wavuvi wa kigeni wanajichotea jodari huko, na chombo kinachorudi Mtongwe kila kikiishiwa maji hakiwezi kusema kinalinda chochote.

Mimi nabisha. Meli ya ugavi bila kundi la kuhudumia ni godauni bila wateja, na nimeona magodauni ya hivyo, yanakula umeme na mshahara wa askari wa getini. Nilimpigia hesabu yangu Jumapili iliyopita: weka matangi ya mafuta, maji na chumba cha baridi huko Manda, Lamu, vyombo vya doria vijazwe pale, na Mtongwe ipumzike. Nafuu mara nyingi kuliko meli.

"Na hayo matangi ya Manda utayajaza kwa njia gani?" akauliza.

Kwa malori, nikasema, kutoka Mombasa, yapite Malindi hadi Lamu.

"Barabara ile ya magari kusindikizwa na askari?"

Nikanyamaza.

"Basi ongeza kwenye hesabu yako hao askari, mwanangu, na mafuta ya magari yao, na chakula chao. Kisha uniletee tena."

Sijamaliza kupiga hesabu hiyo.